Paa Linavuja: Tuzibe au Tuezue?

Mvua kubwa ya kwanza ikishanyesha na ndoo zikishapangwa sebuleni, mwenye nyumba hupata ushauri wa aina mbili. Jirani anamwambia apake lami kwenye tundu, yaishe. Fundi anapanda, anashuka, anajipangusa mikono na kusema, "Bosi, hili limekwisha, tubadilishe lote." Wote wawili huenda wamekosea, kwa sababu wote wameliangalia bati kwa juu tu.

Uamuzi wa paa hufanyika chini ya bati. Bati lenye matundu kumi juu ya mbao nzima ni kazi ya siku moja. Bati linalong'aa juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilizoliwa na mchwa ni hatari, hata kama halijavujisha tone. Mwongozo huu ni wa kukuwezesha kuchunguza mwenyewe kabla ya kwenda dukani, ili siku ya kukubaliana bei ujue unanunua nini na kwa nini. Umeandikwa zaidi kwa nyumba ya bati. Vigae, makuti na asbesto vina sehemu zake fupi huko mbele, na ile ya asbesto isome kabla mtu yeyote hajaweka ngazi.

Leo hii, kabla ya kuamua chochote

1. Kama maji yanapita karibu na taa, feni au soketi, zima umeme kwenye swichi kuu. Usiiguse ukiwa umesimama kwenye maji.
2. Dari likifanya tumbo, limebeba maji. Ondoa watu na vitu chini yake. Umeme ukiwa umezimwa, weka ndoo, simama pembeni na utoboe tundu dogo kwa bisibisi pale tumbo lilipo chini zaidi, maji yatoke taratibu. Ukiliacha, litaanguka lote kwa mkupuo.
3. Piga picha kabla ya kugusa: dari, kuta, sakafu, na paa ukiwa chini. Zitakusaidia kwa mwenye nyumba kama umepanga, kwa bima kama unayo, na kwa fundi.
4. Mvua ikikatika na bati likikauka, funika kwa turubai. Livuke kofia ya paa, yaani kilele chake, na kuteremka upande wa pili. Turubai linaloishia katikati ya mteremko hupitisha maji kwenye ukingo wake wa juu. Libane kwa mbao au mifuko ya mchanga, si kwa mawe yanayoweza kuporomoka.

ONYO: Usipande kwenye bati lililolowa, wala wakati wa upepo. Usipande peke yako. Mguu wa ngazi ukae mita 1 kutoka ukutani kwa kila mita 4 za kwenda juu, na awepo mtu wa kuishikilia. Ukiwa juu, kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwa kuwa hapo ndipo papi, yaani mbao inayogongelewa bati, ilipo. Katikati ya papi na papi bati hubonyea, na likiwa limeliwa na kutu utapita nalo mpaka sebuleni.

Kwa nini paa la bati huharibika

Ukijua sababu hutabadilisha kitu kizima na kuacha kilichooza.

Bati ni chuma kilichopakwa zinki, au mchanganyiko wa alumini na zinki, na mara nyingi rangi juu yake. Zinki huliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Ikiisha mahali, kutu huanza hapo: kwenye ncha zilizokatwa, kwenye mapishano ya bati na bati ambako unyevu haukauki upesi, na kuzunguka misumari. Pwani chumvi ya bahari huharakisha mambo. Bati lililoezekwa Dodoma na lililoezekwa Kilwa au Lamu siku moja, la pwani litakuwa na kutu wakati la Dodoma bado zima.

Misumari nayo ina habari yake. Mchana bati hutanuka kwa jua, usiku husinyaa. Mwaka baada ya mwaka mwendo huo mdogo hulegeza msumari na kupanua tundu lake, na mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka. Ndiyo maana sehemu kubwa ya uvujaji ninaoujua mimi haitokani na bati lililokwisha, inatokana na misumari. Mwenye nyumba huuziwa bando zima la mabati wakati alihitaji boksi la skrubu.

Upepo hauangushi paa, huliinua. Unapopita juu ya nyumba huvuta bati kwenda juu, na nguvu hiyo huwa kubwa kwenye pembe, kwenye kingo na kwenye kofia. Unapoingia kwa dirisha au mlango uliovunjika, husukuma na kutoka ndani pia. Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia Mei 2024, watu wengi wa pwani ya Tanzania walikumbushwa jambo hili. Lakini hakihitajiki kimbunga: upepo wa kawaida wa mvua humaliza paa ambalo pembe yake imeshalegea.

Mwisho ni mbao. Uvujaji mdogo ambao haujajaza sebule yako ndoo unaweza kulowesha papi ileile misimu mitatu. Mbao iliyolowa huoza, na huita mchwa.

Chunguza ndani kwanza, saa sita mchana

Chagua siku ya jua kali. Panda juu ya dari ukiwa na tochi, bisibisi, chaki na kitambaa cha kufunika pua, maana vumbi na kinyesi cha popo ni vitu vya kuogopa. Kanyaga kwenye mbao za chini za kenchi tu. Ubao wa dari haukubebi.

1. Zima tochi, tulia mpaka macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nukta ya mwanga. Zungushia chaki kwenye mbao iliyo karibu nalo na uhesabu. Nukta zikijipanga kwenye mstari wa papi, ni misumari. Zikitapakaa katikati ya bati, ni kutu, na hiyo ni habari mbaya zaidi.

2. Washa tochi, mulika papi pale msumari unapoingia. Mbao kavu ina rangi moja. Iliyokuwa inalowa ina duara jeusi kuzunguka msumari, mara nyingine na mchirizi unaoteremka mpaka kwenye kenchi. Fuata mchirizi huo kwa kupanda, si kwa kushuka. Maji yakiingia hutembea juu ya papi au kenchi, hukutana na kichwa cha msumari au waya wa umeme, na hapo ndipo hudondokea. Doa la dari lililo juu ya kochi lako linaweza kuwa limetoka mita kadhaa kando yake, juu zaidi.

3. Choma mbao kwa ncha ya bisibisi, hasa pale kenchi inapokaa ukutani na kila palipo na duara jeusi. Mbao nzima itakataa: ncha itaacha alama ndogo tu. Iliyooza itaipokea ncha bila ubishi. Kisha gonga kwa mpini. Mlio wa uwazi, au njia nyembamba za udongo zinazopanda ukutani, ni mchwa.

4. Tazama umbo. Simama mwisho mmoja wa nyumba na uangalie kenchi zote kwa mstari. Iliyoinama, iliyopasuka au iliyoachana na ukuta iandikie namba yake.

Kuna kitu kimoja kinachowapoteza watu wa nyanda za juu, Njombe, Mbeya na Limuru. Asubuhi na mapema dari linadondosha maji, na usiku haikunyesha. Huo si uvujaji. Ni mvuke wa ndani, wa kupika na wa pumzi za watu, uliogusa bati la baridi ukageuka maji. Bati jipya litadondosha vilevile. Dawa yake ni matundu ya hewa chini ya ukingo na juu karibu na kofia, na kutoa moshi na mvuke wa jikoni nje.

Kisha nje, kutoka kwenye ngazi

Kutu si moja. Sugua sehemu ndogo kwa brashi ya waya, kisha ubonyeze kwa kidole gumba.

Kutu ya juu: ukisugua, chuma kigumu kinaonekana na bati halibonyei. Hilo linasafishwa na kupakwa rangi ya kuzuia kutu.
Kutu iliyokula: bati linamomonyoka kwa magamba na linabonyea. Bati hilo linatolewa, halizibwi.
Unga mweupe bila wekundu ni zinki inayoliwa. Chuma bado kizima, ila saa imeanza kuhesabu.

Kagua pia kofia, bonde ambapo miteremko miwili inakutana, mahali paa linapogusa ukuta, na kila palipotobolewa kwa ajili ya antena, paneli za sola au bomba. Ingiza mkono kwenye gata, mfereji wa ukingoni: majani yaliyojaa huyarudisha maji chini ya bati, na paa likalaumiwa bure.

Kama bado huoni chanzo, tumia mpira wa maji. Mmoja abaki juu ya dari na tochi, mwingine amwage kwa nje kuanzia chini kabisa ya mteremko, dakika 10 hivi kila sehemu, akipanda polepole. Ukianzia juu, maji yatapita kote na hutajua yalipoingilia.

Maswali matatu ya uamuzi

Yaulize kwa mpangilio huu. La kwanza lina uzito kuliko mawili yaliyobaki kwa pamoja.

Kwanza, mbao zikoje? Kama kenchi ni nzima na papi mbaya ni chache, unaweza kuziba. Kama kenchi kadhaa zimeoza kwenye ukuta, zimeinama au zimeliwa na mchwa, lazima uezue sehemu hiyo hata kama bati lake ni jipya. Hapa usikubali kubembelezwa. Bati linalovuja huharibu kochi, ila kenchi inayokatika huua mtu.

Pili, uharibifu umekaa wapi? Tundu la embe lililoanguka, tawi, bati moja lililong'olewa na upepo: huo ni uharibifu wa mahali pamoja, ziba. Kutu iliyokula ikiwa imesambaa, mimi huweka mpaka kwenye theluthi ya mteremko mmoja. Ikivuka hapo, badilisha mteremko huo wote. Ikivuka hapo pande zote, ezua paa zima.

Tatu, je, paa lilikosewa tangu mwanzo? Mteremko mdogo mno, mapishano mafupi, papi zilizoachana sana, bonde lisilo na mfereji. Paa la namna hii limezibwa mara tatu, na mara ya nne litavuja palepale. Usilipige kiraka, wala usiezeke bati jipya kwenye kosa lilelile.

Watu wengi husahau kwamba kuna njia ya kati. Upande unaopigwa na upepo wa mvua na jua la mchana huchoka kabla ya mwenzake. Kubadilisha mteremko mmoja na kuacha mwingine ni kazi halali kabisa, ilimradi bati jipya liwe na migongo inayolingana na ya zamani. Nenda dukani na kipande cha bati lako, kwa sababu migongo ya kiwanda kimoja mara nyingi haikai juu ya migongo ya kingine.

Piga hesabu kwa mwaka, si kwa risiti

Gawanya gharama kwa miaka unayotarajia kazi idumu. Tuseme kiraka ni shilingi 300,000, na ukiangalia kutu ilivyo, kitavuka masika moja. Paa jipya tuseme ni shilingi 5,000,000 na litakaa miaka 20. Kiraka kinakugharimu 300,000 kwa mwaka, paa jipya 250,000, na bado hujahesabu dari, godoro na rangi ya ukuta vinavyoharibika. Igeuze hesabu: kama kiraka hichohicho kitakaa miaka 6, ni 50,000 kwa mwaka, na kuezua ni kutupa hela. Namba ni za mfano. Weka za kwako, na kwenye upande wa kuezua usisahau mbao, skrubu, kofia, usafiri na ufundi.

Kama fedha ya kuezua haipo sasa, kiraka cha kununua muda ni uamuzi wa busara, mradi ukiite hivyo na uanze kuweka akiba. Ila kama mbao ndiyo mbovu, tafuta fedha ya mbao kwanza. Bati litasubiri.

Ukiamua kuziba

1. Usigongelee msumari uliolegea kwenye tundu lilelile, limeshapanuka. Ng'oa, weka skrubu nene na ndefu zaidi yenye mpira, iingie kwenye papi, na ipite kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji yanapita. Kaza mpaka mpira ukae. Ukikaza kupita hapo unapasuka siku hiyohiyo.
2. Bati lililoliwa litoe lote. Jipya liingie chini ya bati la juu yake na likae juu ya bati la chini yake, kwa mapishano yasiyopungua sentimita 15, zaidi ya hapo kama mteremko ni mdogo.
3. Tundu dogo kwenye bati zima: sugua mpaka chuma kionekane, kausha, kisha ndipo uzibe. Lami au gundi juu ya kutu na vumbi hubanduka na kutu yake.
4. Ukitumia silikoni, inuse kwanza. Inayonuka siki inakula zinki. Uliza isiyo na asidi.
5. Usizibe kwa saruji. Hupasuka bati linapotanuka, na ikiwa mbichi hushambulia alumini na zinki.

Ukiamua kuezua

Chagua wakati. Kwenye maeneo ya mvua za misimu miwili, Juni hadi Septemba ndiyo nafasi nzuri, baada ya masika na kabla ya vuli. Kwenye msimu mmoja, kama Dodoma, Iringa na Songea, maliza kabla ya Novemba. Hata kwenye kiangazi, fungua kiasi kinachoweza kufunikwa siku hiyohiyo.

Unaponunua, usidanganywe na rangi. Unene unasomwa kwa geji, na namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Kwa nyumba ya kuishi, hasa pwani, ningejibana kwingine nikanunua 28. Tafuta alama ya ubora ya TBS kwa Tanzania, au ya KEBS kwa Kenya, na uombe bati lipimwe kwa maikromita mbele yako. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Nyumbani, mabando yakae pakavu, yameinuliwa kutoka ardhini. Maji yakinaswa kati ya bati na bati huleta ule unga mweupe kabla hata hujaezeka.

Wakati wa kazi simamia haya:

☐ Mbao mbaya zote zimetolewa, na mpya zimetiwa dawa ya mchwa.
☐ Kila kenchi imefungwa kwenye ukuta au linta kwa waya au bamba la chuma. Msumari peke yake hautoshi.
☐ Papi zimekaribiana zaidi kwenye ukingo na kofia, na skrubu pia zimeongezwa hapo.
☐ Mapishano ya ubavuni yamegeuziwa mgongo upande unakotoka upepo wa mvua.
☐ Bati limekatwa kwa mkasi wa bati, si grenda. Cheche za grenda huunguza zinki, na vumbi lake la chuma huota kutu juu ya bati jipya.
☐ Juu pamefagiliwa kila jioni.

Vigae na makuti, kwa ufupi

Kigae kilichopasuka kinabadilishwa kimoja kimoja, kwa hiyo kuziba karibu kila mara ndiyo jibu. Kwenye nyumba za zamani za Tanga na Mombasa, kinachokwisha ni mbao zilizo chini ya vigae, ambavyo ni vizito. Shusha vigae, badilisha mbao, virudishe vilevile. Kabla ya kuondoa bati na kuweka vigae, mtaalamu athibitishe kwamba kenchi na kuta zitabeba.

Makuti yanayovuja sehemu moja hupachikwa mapya. Yakishakuwa meusi, yamelala na yanamomonyoka mkononi, ezua, na uangalie boriti kabla ya kuezeka tena.

ONYO KUBWA: ASBESTO

Nyumba nyingi za zamani za serikali, mashirika na viwanda ziliezekwa kwa karatasi nene za kijivu, nzito, zenye mawimbi makubwa na sura ya saruji. Chukulia kuwa ni asbesto mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi husababisha saratani, na ugonjwa huweza kujitokeza miongo kadhaa baadaye.

Usiikate, usiitoboe, usiisugue, usiifagie ikiwa kavu, usiipande, hukatika ghafla. Ikiwa nzima, iache ilipo. Ikipasuka, waweke watoto mbali na uwasiliane na mamlaka ya mazingira, NEMC kwa Tanzania au NEMA kwa Kenya, wakuelekeze kwa wenye kibali cha kuiondoa na kuizika. Vipande vyake visigeuzwe banda la kuku, uzio wala meza ya kuanikia dagaa. Nimeviona mara nyingi mno vikitumika hivyo.

Makubaliano na fundi

Mpandishe juu ya dari pamoja nawe, mwoneshe alama zako za chaki. Akisema libadilishwe lote, mwulize: "Fundi, nioneshe mbao gani imeoza." Akisema kiraka kinatosha, mwoneshe ulikochoma bisibisi. Pata bei ya mafundi wawili au watatu kwa kazi ileile, vifaa na ufundi vikiwa vimetenganishwa.

Andikianeni: kazi gani, geji gani, skrubu au misumari, siku ngapi, nani analipia bati likikatwa vibaya, mabati ya zamani ni ya nani. Lipa kwa awamu. Siku ya kukabidhi, rudia mpira wa maji kuanzia chini kwenda juu, panda juu ya dari saa sita na utafute nukta za mwanga. Sehemu ya mwisho ya malipo, mkubaliane tangu mwanzo, ilipwe baada ya mvua kubwa ya kwanza.

Weka kando mabati mawili na skrubu za akiba kutoka bando lilelile, pakavu. Kila mwaka kabla ya masika, safisha gata na uangalie kofia na pembe.